Mguu wa Kushoto wa Liliane

Siku ya soko, Liliane hakukaa chini. Alisimama nyuma ya meza yake tangu asubuhi mpaka jua lipoe. Mezani kulikuwa na unga wa muhogo, maharagwe, dagaa waliokauka na mafuta ya mawese katika chupa. Wateja wake wengi walikuwa Wakongo wenzake. Walikimbia vita Kivu ya Kusini, wakapewa viwanja katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, upande wa Rubondo. Walimpenda Liliane kwa sababu alipima vizuri na hakununa. Ukimwambia akae kidogo, alicheka. Alisema muuzaji akikaa anaonekana amechoka, na unga wake nao unaonekana umechoka.

Jioni miguu yake ilikuwa mizito na viatu vilimbana. Nyuma ya goti la kushoto mishipa ya damu ilikuwa imetokeza. Ilikuwa ya bluu na minene, imejipindapinda kama minyoo ya ardhini baada ya mvua. Ilianza alipobeba mimba ya Junior, mtoto wake wa kwanza. Kwa mimba ya pili ikazidi. Sasa, mwaka 2012, alikuwa na mimba ya tatu, na mishipa ilikuwa imepanda mpaka pajani. Mama yake mzazi alikuwa nayo pia. Basi Liliane aliihesabu kuwa urithi wake. Wengine hurithi ng'ombe.

Mwanamke mmoja pale sokoni alimwambia kwamba ile ni damu mbaya. Alisema ichanjwe kwa wembe ili itoke. Liliane alikuwa karibu kukubali. Aliyemzuia ni Sidonie.

Sidonie alikuwa jirani yake, mwenye shamba dogo la maharagwe nyuma ya nyumba. Pia alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alipita nyumba kwa nyumba na mfuko wake begani, akiuliza habari za homa, za chanjo na za mimba. Alikuwa bado kijana. Baadhi ya wazee walimwona mtoto tu mwenye mfuko.

"Usiguse ile na wembe," alimwambia Liliane. "Ukikata mushipa kama ule, damu itatoka mingi na haitasimama mbio. Hata ikipasuka yenyewe, ulale chini, unyanyue muguu juu, ufinye sana na kitambaa safi fasi damu inatokea. Kisha utume mutu aniite."

Liliane akamuuliza ile mishipa ni kitu gani hasa.

"Damu kushuka mu miguu ni rahisi," alisema Sidonie. "Kupanda ndiyo kazi. Unajua pompi yetu ya maji. Maji haipandi mupaka mutu asukume ule mukono. Nyama ya nyuma ya muguu ndiyo mukono wa pompi. Ukitembea, unapompa. Ndani ya mushipa kuko vimulango vinafunga ili damu isirudie chini. Vimulango vikilegea, damu inabaki pale, mushipa unavimba. Kusimama siku yote inazidisha. Mimba nayo inazidisha."

"Itaniua?"

"Bamama mingi iko nayo na bako bazima. Ukae kidogo, utembee kidogo, jioni uweke miguu juu. Lakini ukiona muguu moja inavimba kupita ingine, inauma, iko moto, usingoje. Uniite."

Liliane aliitikia kwa moyo wote. Kisha siku ya soko ikafika, akasimama tena mpaka jioni.

Nyumbani Liliane aliishi na mama mkwe wake, Nyirabahire. Mume wake, Mihigo, alichunga ng'ombe wa tajiri mmoja huko Masha. Alirudi nyumbani mara mojamoja, na hakurudi bila kopo la samli. Kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwa wanawake wawili.

Na mikono ya Nyirabahire ilijulikana Rubondo nzima. Mwanamke akijifungua, aliitwa yeye amkande kwa maji ya moto na samli. Alikanda tumbo, mgongo, mapaja na miguu. Wengi walikoroma kabla hajamaliza. Mchungaji wetu alitania kwamba mahubiri yake hayajawahi kulaza watu vizuri hivyo.

Watu wa kwao Nyirabahire huita kitanda cha mwanamke aliyejifungua kiriri. Mama akiwa kwenye kiriri hagusi ufagio, hachoti maji, haendi shambani. Analetewa maziwa na uji. Desturi hii ina wema ndani yake, maana mwili uliozaa unataka kupumzika. Kwa kawaida siku ya kumpa mtoto jina ikifika, mama anatoka nje. Lakini Nyirabahire hakutaka mambo ya kawaida. Alitaka Liliane alale mwezi mzima, na zaidi ikiwezekana.

Alikuwa na sababu yake, nami siwezi kumcheka. Mwaka 1996 alimzaa Parfait, kitinda mimba wake, wakiwa njiani kukimbia. Alijifungua kando ya njia asubuhi. Kabla jua halijawa kali walikuwa wanatembea tena, na damu ilimtiririka mpaka visiginoni. Hakuna aliyemletea maziwa. Hakuna aliyemshika mkono, kwa sababu kila mkono ulikuwa umebeba mtoto au mzigo. Tangu siku ile aliapa kwamba mke wa mwanawe hatatembea hivyo.

"Mimi nilitembea kwa ajili ya sisi bote," alimwambia Liliane. "Wewe utalala."

Liliane alijifungua salama kwenye kituo cha afya. Mtoto alikuwa msichana, mnene, mwenye sauti ya kwaya. Wakampa jina la Yvette. Mkunga alimwambia mama aamke kitandani mapema, atembee polepole ndani na nje, anywe maji mengi. Maneno hayo yalifika nyumbani, yakaishia mlangoni. Nyirabahire alikuwa ameshatandika kiriri nyuma ya pazia la kitenge, na alikuwa ameshachemsha maji.

Liliane akalala. Mama mkwe alimpikia, alimfulia, alimwogesha mtoto. Hata ndoo ya haja aliileta pale pale kitandani ili Liliane asitoke nje kwenye baridi. Liliane aliona aibu kwamba mama wa mume wake anabeba ndoo ile. Kwa hiyo akaanza kunywa kidogo, ili ndoo isijae. Hakumwambia mtu.

Siku ya jina ilipita, na yeye bado amelala. Baada ya siku nyingine kadhaa, mguu wa kushoto ukaanza kuuma nyuma, kwenye nyama, chini ya goti. Alimwambia mama mkwe. Nyirabahire hakushtuka hata kidogo. Alisema ni baridi imeingia, na dawa ya baridi ipo. Akachota samli, akaupasha mguu moto, akaukanda.

Kesho yake ulikuwa umevimba. Akaukanda tena, kwa nguvu zaidi. Siku iliyofuata uvimbe ulipita goti ukafika pajani. Ngozi ilikuwa ya moto na inang'aa. Nyirabahire sasa alikanda asubuhi, mchana na jioni, jasho likimtoka. Alisema maumivu yakizidi ni kwa sababu yanakaribia kutoka. Liliane aliuma upindo wa kitenge ili asilie.

Alikuwa hajasahau maneno ya Sidonie. Lakini amuite vipi? Mama mkwe amekubebea ndoo, amekuosha, amelala chini karibu na kitanda chako. Ukiita mtu mwingine aje autazame mguu, ni kumwambia kwamba mikono yake haifai. Liliane alilelewa vizuri, na malezi mazuri nayo yana siku yanapokaribia kukuua. Akauma tena kitenge.

Sidonie alikuwa Isingiro kwa mafunzo. Aliporudi, alibeba viazi vitamu akaja kumsalimu mtoto. Aliingia nyuma ya pazia akamkuta Nyirabahire amepiga magoti, mikono imezama kwenye paja la Liliane, kopo la samli kando yake. Sidonie aliweka viazi chini.

"Mama Mihigo, naomba usimamishe mikono," alisema.

"Nimalize kwanza. Iko inaanza kulegea."

"Mama, nakuomba. Usiguse tena huu muguu."

Nyirabahire akaacha. Alijipangusa vidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayejizuia. "Mikono hii imekanda bamama mbele wewe uzaliwe," alisema.

"Najua. Hata mimi ulinikanda nilipozaa, na nilipona. Sisemi mikono ni mubaya. Nasema huu muguu haiko wa kukanda."

Sidonie alichana upande mdogo wa kitenge kikuukuu, akapata kamba. Akaizungusha kwenye nyama ya mguu wa kulia, chini ya goti, akaweka fundo mahali ilipokutana. Kisha akaizungusha kwenye mguu wa kushoto, mahali pale pale. Fundo halikufika. Palibaki nafasi ya vidole vitatu. Nyirabahire alitazama ile nafasi. Alikuwa ameushika mguu ule kila siku bila kuulinganisha na mwenzake.

"Damu inaweza kuwa imeganda mu mushipa wa ndani," alisema Sidonie. "Ukikanda, lile bonge linaweza kutoka pale, lipande mupaka mu mapafu. Dada yangu Apolline alizaa kule Uvira. Muguu yake ilivimba hivi hivi. Tukakanda. Siku moja alisimama, akasema hapati hewa, akaanguka. Sisi tukasema ni sumu. Tukamufukuza jirani, na jirani hakukuwa na kosa."

Kisha Liliane akasema, kwa sauti ndogo sana: "Mama, toka asubuhi nikivuta hewa, hapa panachoma." Akagusa mbavu za upande wa kulia.

Nyirabahire aliogopa, na hofu yake ilitaka kwenda mahali ilipozoea. Alisema waitwe watu wa kanisa kwanza, waombe. Sidonie alikuwa tayari ameshika simu, anapigia kituo cha afya walete gari la wagonjwa. Alimjibu kwamba wataomba, ila wataombea ndani ya gari.

Gari likaja. Waliambiwa Liliane asitembee, akabebwa na godoro lake. Nyirabahire alimfunga mtoto mgongoni na kulifuata godoro. Alipofika mlangoni aligundua kwamba amebeba pia kopo la samli, kwa mazoea tu. Alilitazama, akaliweka chini kando ya kizingiti, akapanda.

Kwenye kituo waliona mara moja kwamba hali hiyo ni ya hospitali kubwa. Wakamwekea hewa ya oksijeni, na gari likashika njia ya Mbarara kupitia Isingiro. Sidonie aliomba kama alivyoahidi, kwa kifupi. Liliane alikuwa amefumba macho na anapumua haraka haraka. Nyirabahire alimtazama kifua tu. Kilipopanda, alingoja kishuke. Kiliposhuka, alingoja kipande.

Masha walimkuta Mihigo kando ya barabara, na fimbo yake na mabuti ya mpira yenye matope ya zizi. Sidonie alikuwa amempigia. Njia nzima Nyirabahire alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia mwanawe. Mihigo alipopanda na kufunga mlango, alipata neno moja tu.

"Nilimukanda," alisema.

Mihigo alishika mkono wa mke wake akaushikilia mpaka Mbarara.

Hospitalini walimpiga Liliane picha ya mguu kwa kile chombo kinachopitishwa juu ya ngozi. Hakikuuma. Picha ilionyesha bonge la damu katika mshipa mkubwa wa paja. Walimchunguza kifua pia. Daktari alisema kipande kidogo kilikuwa kimeshakatika na kufika kwenye pafu. Kingekuwa kikubwa, asingefika. Walianza kumchoma sindano ndogo kwenye ngozi ya tumbo. Mihigo alishangaa kwamba mguu ndio unaumwa na tumbo ndilo linachomwa. Wakamweleza kwamba ile dawa inaingia kwenye damu yote. Inazuia bonge lisikue na mengine yasizaliwe, na mwili wenyewe unalimaliza lililopo pole pole.

Usiku ule na kesho yake hakuna aliyejua kitakachokuwa. Nyirabahire alikaa nje kwenye ukuta, mtoto mapajani, akimpeleka ndani kwa mama yake kila alipotaka kunyonya. Hakula. Sidonie alimpa ndizi, akaishika mpaka ikawa nyeusi.

Siku ya tatu Liliane alipumua bila ile hewa ya oksijeni. Nesi wa wodi, Sista Kebirungi, alitoka nje akamfuata yule bibi ukutani. Alikuwa Mnyankole mwenye umri wa kati, mwenye miguu mipana na maneno ya taratibu.

"Nyabo," alisema, wanavyomwita mama kwa heshima huko, "wewe ni mtu ya ng'ombe?"

"Ndiyo. Toka kwa babu yangu."

"Mimi pia. Baba yangu iko na ng'ombe pale Isingiro. Sasa niambie. Maziwa ukiweka tu kwa chombo, hakuna mtu anatikisa, inafanya nini?"

"Inaganda," alisema Nyirabahire.

"Haya. Damu pia. Mama akizaa, damu yake iko tayari kuganda. Mungu aliweka hivyo, asimalize damu yote. Hiyo hatari inakaa karibu miezi mbili. Sasa huyu msichana iko na mishipa mbovu ya miguu. Tena amelala siku nyingi. Tena nimemuuliza, anasema maji alikunywa kidogo. Damu ilikaa tu, haitembei. Ikaganda."

Nyirabahire alikuwa amebeba swali moja tangu Rubondo. Sasa akalitua. "Basi ni mimi namuua?"

"Hajakufa, nyabo. Saa hii anauliza chai." Sista Kebirungi alikaa karibu naye kwenye ukuta. "Nimeona wamama wamefika hapa peke yao, hakuna mtu. Huyu iko na wewe. Kumpenda ulikuwa nayo. Ile kujua ndiyo hukuwa nayo. Sasa unajua."

Nyirabahire alilia hapo hapo, mbele ya watu, na hakuficha uso. Kisha akaila ile ndizi nyeusi.

Liliane alipopata nguvu, manesi wenyewe walimwamsha atembee wodini, hatua chache, kisha nyingi. Siku ya kuondoka alipewa vidonge vya kumeza kwa miezi kadhaa na maagizo ambayo Mihigo alirudia njiani kama mtoto anayejifunza aya ya Jumapili. Vidonge visirukwe. Arudi kupimwa damu kila anapoitwa, kwa sababu dawa ikiwa kidogo damu inaganda, na ikizidi damu inatoka hovyo. Akiona damu kwenye fizi, kwenye choo au kwenye mkojo, arudi upesi. Asichanganye na dawa za majani wala za maumivu bila kuuliza. Kunyonyesha aendelee, mtoto hadhuriki. Asishike mimba akiwa bado anameza vidonge vile, na anapotaka njia ya kupanga uzazi aeleze kwanza kwamba damu yake iliwahi kuganda, maana si kila njia inamfaa. Na akishika mimba baadaye, amwambie mkunga tangu mwanzo.

Meza ya sokoni ilirudi, ila muuzaji alibadilika. Mihigo alimtengenezea kigoda kirefu cha mbao. Liliane alikaa, akasimama, akatembea kuzunguka meza, akakaa tena. Akiwa amekaa alichezesha visigino juu na chini. Pasipokuwa na mteja aliweka miguu juu ya gunia la maharagwe. Alivaa soksi ndefu za kubana alizopewa hospitalini, akizivaa asubuhi kabla miguu haijavimba. Wateja walimtania kwamba amesajiliwa timu ya mpira. Yeye aliwajibu kwamba anacheza namba tisa, na unga wa muhogo ni bei ile ile.

Mishipa yake haikutoweka. Ilibaki pale, ya bluu, imejipinda. Lakini jioni viatu havikubana sana, na unga wake haukuonekana umechoka kwa sababu yeye amekaa.

Aliyebaki mgonjwa ni Nyirabahire. Alirudi nyumbani akalichukua lile kopo la samli akaitia yote kwenye maharagwe, ikaisha. Alipoitwa kumkanda mwanamke fulani, alisema ana mafua. Alipoitwa kwa mwingine, mafua yalikuwa bado. Watu walianza kusema Mama Mihigo amezeeka. Liliane aliyajua yale mafua. Alimwambia Sidonie, na Sidonie akaja.

Hakuja kumfundisha. Alimwambia tu kwamba kuna mwanamke amejifungua nyumba za juu, na amelala kwenye kiriri, na yeye Sidonie amemwambia atembee, na hakuna aliyemsikia.

"Wewe banakusikia," alisema. "Mimi banasema ni mutoto."

"Niende kufanya nini?" aliuliza Nyirabahire. "Mikono yangu naiogopa."

Sidonie alitoa mfukoni ile kamba ya kitenge, yenye fundo lake. Alikuwa ameihifadhi. Akaiweka kwenye kiganja cha mama yule na kumfunga vidole juu yake.

Tangu siku ile Nyirabahire alitembea na kamba, ameifunga kwenye pindo la kitenge chake. Kila alikoitwa, kwanza alilinganisha miguu. Ikiwa sawa, alikanda mabega na mgongo, na miguu hakuigusa. Kisha alimwamsha aliyejifungua, akamtembeza uani, akamnywesha maji mbele ya macho yake. Siku moja, kwa mwanamke ambaye mguu wake mmoja ulikuwa wa moto, fundo halikufika. Mume alimsihi akande kidogo tu. Nyirabahire aliikalia mikono yake na kumwambia mume apige simu.

Mwaka 2015 Liliane alishika mimba tena. Alimwambia mkunga mapema, akapelekwa Mbarara, akapewa zile sindano za tumbo za kuzuia damu isigande, wakati wa mimba na hata baada ya kujifungua. Mtoto alizaliwa salama, mvulana. Nyirabahire alitandika kiriri nyuma ya pazia lile lile la kitenge. Maziwa yalikuwapo, uji ulikuwapo. Ndoo ya haja ilikuwa nje, mahali pake.

Asubuhi iliyofuata alifungua pazia akiwa amevaa viatu.

"Simama, mwana wangu," alisema. "Twende mupaka ku pompi."

Walitoka. Mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi yake, na Liliane alikuwa na soksi zake ndefu. Walikwenda polepole sana. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji waligeuka wakatazama. Mmoja wao, mgeni pale Rubondo, aliuliza kwa sauti kama nyumba hiyo haina mtu mzima, maana mama wa jana anatembezwa leo. Nyirabahire alimwambia kwamba nyumba ina mtu mzima, na ndiye huyu anayetembeza. Akaahidi kumweleza habari yote akija kuteka maji jioni, na hakika alimweleza.

Liliane alimuuliza mama mkwe wake kama hajachoka. Njia ilikuwa na kilima kidogo, na yeye sasa alikuwa bibi wa wajukuu wanne.

Nyirabahire alisimama kidogo, akavuta pumzi. "Siku nilizaa Parfait, nilitembea nalia," alisema. "Nilizani kutembea ndiyo kulikuwa kubaya. Hapana. Kubaya kulikuwa kutembea peke yangu."

Akamshika Liliane mkono, akaubana, wakaanza kurudi nyumbani.